Jeshi la Uingereza limeruhusu ndevu, mbona watu bado hawatoshi?

Mwishoni mwa Machi 2024 jeshi la nchi kavu la Uingereza lilitangaza kwamba askari wake, kuanzia kuruta mpaka jenerali, sasa ruksa kufuga ndevu. Baraka alitoa mfalme Charles mwenyewe, na masharti yake ukiyasoma unacheka kidogo, ndevu ziwe zimejaa usoni, zisiwe za mabaka mabaka, zisipungue milimita 2.5 wala kuzidi 25.5, rangi za ajabu ajabu hapana, na zitakuwa zinakaguliwa kama buti zinavyokaguliwa. Wastaafu wakaja juu, jeshi limekwisha hilo, kesho mtawavalisha hereni. Vijana nao wakasema afadhali, maana wa majini wanafuga tangu enzi za mababu, wa anga wameruhusiwa 2019, sasa wa nchi kavu walikosea nini? Waziri wa ulinzi wa wakati huo, Grant Shapps, alikuwa ameshasema wazi kwamba katazo hilo ni la kijinga, tena wakati jeshi lenyewe linahangaika kupata watu.

Hapo ndipo mjadala wote ulipo na hapo ndipo watu wanapouchanganya. Kuna wanaosema jeshi limekosa watu kwa sababu limetupa mila, limekuwa laini, halimtishi mtu wala halimvutii. Kuna wanaosema limekosa watu kwa sababu limeng'ang'ania ya babu, saluti na kupiga pasi, wakati kijana wa leo anataka kazi yenye mwajiri anayemsikiliza. Mimi naona pande zote mbili zinagombania rangi ya mlango wakati paa linavuja. Mila kwa kiasi kikubwa ndizo zinazomwingiza mtu jeshini, kinachomtoa ni maisha ya kila siku, nyumba, mke au mume, mtoto, chakula, na kabla hata hajaingia, foleni ya makaratasi. Na cha kuchekesha, hayo ya kila siku ndiyo Uingereza iliyoyafanya ya kisasa kwa kishindo, ikayaharibu.

Tuanze na mila zenyewe, maana nyingi si za kale kama zinavyoimbwa. Hiyo sura iliyonyolewa safi ambayo wastaafu wanaililia, mpaka mwaka 1916 ilikuwa kosa! Kanuni za mfalme zilisema kidevu kinyolewe lakini mdomo wa juu usiguswe na wembe, yaani sharubu zilikuwa lazima, upende usipende. Aliyesaini amri ya kuifuta kanuni hiyo, Oktoba 1916, ni jenerali Nevil Macready, ambaye inasemekana alizichukia sana za kwake na jioni hiyohiyo akaenda kwa kinyozi. Kidevu kitupu kilipata sababu ya maana zaidi kwenye vita kuu ya kwanza ya dunia, iliyokuwa inapiganwa wakati huohuo, kwa sababu maski ya gesi haibani vizuri juu ya ndevu na gesi ilikuwa inaua watu kwenye mahandaki. Sababu hiyo haijafa, hata leo kamanda anaweza kuamuru watu wanyoe kama kuna hatari ya gesi mahali wanapokwenda. Lakini karne nzima katikati hapo watu walinyoa kwa mazoea tu, huku askari wa dini ya Sikh wakivaa kilemba na kufuga, na sajenti wa wapasua njia, wale wanaotembea na shoka mbele ya gwaride, wakifuga pia kwa mila yao. Kwa hiyo jeshi lilikuwa na ndevu siku zote, lilikuwa halina ruhusa ya jumla tu.

Sasa kitu kizito kuliko ndevu ni rejimenti. Kwa mtu wa huku kwetu aliyezoea kwamba askari anapangiwa kikosi na kesho anahamishiwa kingine, hili linahitaji maelezo kidogo. Kijana wa Wales au wa Scotland kwa kawaida haoni kama anajiunga na jeshi, anajiona anajiunga na rejimenti fulani, yenye jina, beji ya kofia, wimbo wake wa gwaride, siku yake ya kukumbuka vita fulani ya mwaka fulani ambayo wewe hujawahi kuisikia, na mara nyingi baba na babu walipita humohumo. Ni ukoo wenye bunduki. Batalioni ya kwanza ya Royal Welsh ina mbuzi, tena mbuzi mwenye cheo na namba ya jeshi, na mwaka 2006 huko Cyprus mbuzi huyo, Billy, alivuliwa cheo chake kwa kutotembea sawasawa kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa ya malkia na kujaribu kuwapiga pembe wapiga ngoma. Alirudishiwa baada ya miezi mitatu. Unaweza kusema ni upuuzi, ila muulize askari aliyetoka humo kama ataisahau rejimenti yake.

Ila na hii nayo ilitengenezwa na wanasiasa, tena majuzi tu ukilinganisha na umri wa jeshi lenyewe. Miaka ya 1870 waziri Edward Cardwell alizifunga batalioni na maeneo, kila eneo na depo yake, na mwaka 1881 Hugh Childers akaziunganisha mbilimbili, akafuta namba zao za zamani akawapa majina ya majimbo. Maafisa wa wakati huo walinung'unika vibaya sana, namba ndiyo ilikuwa roho yao, leo unawaita watu kwa jina la wilaya? Miaka michache baadaye majina hayohayo ya wilaya yakawa ndiyo mila takatifu isiyoguswa. Na lengo la Cardwell na Childers lilikuwa nini? Kupata watu. Walitaka kijana ajiunge kwa sababu anaiona rejimenti sokoni kwao, anamjua sajenti, anajua mtoto wa fulani yumo. Kumbe mila tunayoibishania ilianza kama mkakati wa ajira.

Ndiyo maana ya mwaka 2006 yaliuma. Tarehe 28 Machi rejimenti zote za miguu za Scotland zilizokuwa zimebaki nje ya zile za walinzi wa mfalme ziliunganishwa ikawa moja, Royal Regiment of Scotland. Humo kulikuwa na Royal Scots, ya mwaka 1633, kulikuwa na Black Watch wenye manyoya mekundu kofiani, kulikuwa na Argylls, na beji mpya ikawa simba juu ya msalaba, ambayo askari wenyewe waliipa jina la paka aliyesulubiwa. Maandamano yakafanyika, wastaafu wakalia barabarani. Serikali ikajitetea kwamba batalioni ndogo ndogo zilizotawanyika haziwezi kujaza nafasi zao, na pia mtindo wa kuihamisha batalioni nzima kila miaka michache kutoka kazi moja hadi nyingine unapoteza ujuzi na kuwachosha familia. Hoja ya pili naikubali kabisa. Ya kwanza sina imani nayo, kwa sababu nafasi hazikujaa baada ya kuungana pia, na kwa miaka mingi pengo la hizo batalioni za Scotland lilikuwa linazibwa kwa sehemu na vijana kutoka Fiji. Ukiondoa jina la nyumbani unaokoa beji na makaratasi, ila unapoteza ile sababu ya kijana wa Dundee kuamka asubuhi na kwenda kuandikishwa.

Namba sasa. Mwaka 2010 jeshi la nchi kavu lilikuwa na askari wa kudumu zaidi ya 100,000. Serikali ikaamua kwa makusudi kushuka mpaka 82,000, halafu 2021 ikaamua tena kushuka mpaka kama 73,000. Hii watu wanaisahau, wanadhani watu wote wamekimbia, wakati wengi nafasi zao zilifutwa kwa kalamu. Tatizo ni kwamba jeshi likaupita hata mstari lililojichorea, kufikia 2025 lilikuwa kama 71,000, dogo kuliko wakati wowote tangu enzi za vita na Napoleon. Na mwanzoni mwa 2024 kamati ya ulinzi ya bunge ikaandika kwamba kwa majeshi yote kwa pamoja, wakiingia watu 5 wanatoka 8. Hapo ndevu hazikusaidii chochote.

Tuuangalie mlango wa kuingilia, maana hapa ndipo pananikera zaidi. Zamani kijana aliyetaka jeshi alikwenda ofisi ya kuandikisha mjini kwao, akamkuta sajenti mwenye medali na maneno mengi, akapewa chai, akatishwa kidogo, akachekeshwa, akatoka pale ameshajiona askari. Mwaka 2012 kazi hiyo ikapewa kampuni ya Capita kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya pauni milioni 495. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi, askari zaidi ya elfu moja waliokuwa wanaandikisha warudi kwenye kazi za kivita, mambo mengine yafanywe na kompyuta na vituo vya simu, pesa zitaokolewa. Ofisi nyingi zikafungwa. Ule mfumo wa kompyuta wenyewe ulikuja kuwashwa Novemba 2017, umechelewa miezi 52, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo.

Mkaguzi wa hesabu za serikali alipoingia Desemba 2018 alikuta Capita haijawahi kufikisha idadi iliyotakiwa hata mwaka mmoja tangu 2013, kila mwaka pengo lilikuwa kati ya asilimia 21 na 45. Nusu ya waombaji walisubiri mpaka siku 321 kutoka kuomba hadi kuanza mafunzo. Siku 321! Mtu wa miaka 18 katika muda huo anapata kazi ghala la mizigo, anapata mpenzi, ananunua gari la mkopo, na siku jeshi linapompigia simu anauliza jeshi gani. Mwaka 2017 hadi 2018 asilimia 47 ya walioomba walijitoa wenyewe. Hawakushindwa kukimbia wala hawakuogopa vita, walichoka kusubiri.

Na kwenye kusubiri huko kuna suala la afya ambalo ni mila pia, ila mila ya aina mbaya, ya fomu. Kijana anakataliwa kwa sababu faili la daktari linaonyesha aliwahi kupewa dawa ya pumu akiwa mtoto, au ana mzio wa chavua, au chunusi alizotibiwa miaka ileee. Mkaguzi wa afya hamwoni mtu, anaona karatasi. Mwaka 2024 waziri mpya wa ulinzi John Healey alitangaza kufuta zaidi ya masharti 100 ya namna hiyo yaliyopitwa na wakati, akaweka lengo kwamba mwombaji apate jibu la awali ndani ya siku 10 na tarehe ya kuanza mafunzo ndani ya siku 30. Na Februari 2025 Serco ndiyo ikachaguliwa kuandikisha watu kwa majeshi yote matatu kuanzia 2027. Kampuni nyingine ya kibinafsi, jamani. Labda safari hii itafanya vizuri, sisemi haiwezekani, ila mimi ningependa kumwona yule sajenti wa chai akirudi mjini.

Matangazo nayo yaligeuka uwanja wa vita. Mwaka 2018 walikuja na kampeni ya kuonyesha kwamba jeshini unaweza kulia, unaweza kusali, unaweza kuwa shoga, na wenzako watakubeba. Mwaka 2019 wakachukua mtindo wa lile bango la Kitchener la 1914, lile la waziri wa vita anayekunyooshea kidole kukuita jeshini, wakaandika wanawataka walevi wa selfi, wanaoshinda kwenye magemu, wanaolegea legea, wakidai kila kasoro ina faida jeshini. Wazee wakachukia, vijana nao wengine wakaona wanatukanwa. Kabla ya hapo wakubwa walitaka mpaka kuitupa kaulimbiu ya zamani inayomwita mtu awe bora kuliko wote, na waziri Gavin Williamson akaingilia Desemba 2017 kuzuia. Makelele yote haya kuhusu tangazo, wakati anayeliona tangazo na kubonyeza kitufe anakwenda kusubiri siku 321. Tangazo zuri kwenye mfumo ule lilikuwa linaongeza tu idadi ya watu wa kukatishwa tamaa.

Haya, tuseme ameingia, amepiga kwata, amevaa beji yake, ana furaha. Ameoa. Anapewa nyumba ya familia kwenye kota za jeshi. Hizo nyumba zina hadithi yake. Mwaka 1996 serikali iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za familia za askari kwa kampuni ya Annington kwa pauni bilioni 1.66, halafu ikawa inazikodi hizohizo kwa mkataba wa miaka 200, na ukarabati ukabaki juu ya serikali. Yaani umeuza nyumba, unalipa kodi, na bomba likipasuka unaitwa wewe. Bei za nyumba Uingereza zikapaa, faida ikaenda kwa mwenye nyumba, na serikali ikawa haina hamu ya kutia pesa kwenye kuta zisizo zake. Matokeo yake ni ukungu kwenye vyumba vya watoto, na baridi ya mwishoni mwa 2022 familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila joto wala maji ya moto huku mke anapiga simu kituo cha huduma na mume yuko mazoezini nchi nyingine. Januari 2025 serikali ikazinunua tena nyumba 36,347 kati ya hizo, kwa karibu pauni bilioni 6. Watu wanapiga kelele kofia za manyoya ya dubu za walinzi wa Buckingham ni ghali, kweli moja ilifika zaidi ya pauni 2,000 mwaka 2023, lakini fanya hesabu uone mila na huo usasa wa kuuza nyumba kipi kimeigharimu Uingereza zaidi.

Chakula hivyohivyo. Zamani askari wa bwenini alikatwa kiasi fulani kwenye mshahara na kula ilikuwa pamoja, wote meza moja. Wakaleta mtindo wa kulipia unachokula kwa mzabuni. Kwa nadharia ni uhuru, kwa vitendo tarehe 20 pesa imeisha na askari anakula tambi za kikombe chumbani peke yake. Sasa unataka huyo awe na ule moyo wa rejimenti unaouimba? Kula pamoja ndiyo ilikuwa mila ya maana kuliko mbuzi na manyoya, na iliondoka bila maandamano.

Kila mwaka majeshi yao hufanya uchunguzi wa maoni ya askari wenyewe, na mwaka hadi mwaka sababu inayoongoza kwa watu kufikiria kuacha ni ileile, athari za kazi kwa familia na maisha binafsi. Hapa sasa mila inagongana kwelikweli na wakati. Jeshi lilijengwa kwa dhana kwamba mke anamfuata afande, kila baada ya miaka miwili mitatu wanafunga mizigo, watoto wanahama shule, na mke kazi yake ni kuwa mke wa afande. Leo huyo mke ni muuguzi au mhasibu mwenye mshahara pengine mkubwa kuliko wa mumewe, au huyo askari ndiye mwanamke na mume ana biashara yake. Hawahami. Basi askari anaishi kambini Jumatatu hadi Ijumaa, na siku moja anaona kiwanda cha silaha au kampuni ya ulinzi inamlipa zaidi na anarudi kwake kila jioni.

Ripoti ya Rick Haythornthwaite ya Juni 2023 iligusa hapo. Alichosema kwa ufupi ni kwamba ile ngazi ya kuingia chini kabisa ukiwa kijana na kupanda daraja kwa daraja mpaka pensheni haitoshi tena, mtu aruhusiwe kutoka akafanye kazi uraiani kisha arudi bila kuanza upya, wataalamu waingie katikati, mtu apunguze au aongeze kiasi cha kutumikia kadiri maisha yake yanavyobadilika. Ukiisikiliza haraka unaona sawa tu, ni ajira ya kawaida. Lakini kwa jeshi ni mapinduzi, maana heshima ya sajenti inatokana na ukweli kwamba alipita kila unachopitia wewe. Mwaka 2025 walianza kuchukua wataalamu wa kompyuta wa kupambana na wadukuzi kwa mlango wa pembeni, mafunzo ya awali ya kijeshi kama mwezi mmoja badala ya wiki 10, mshahara wa kuanzia zaidi ya pauni 40,000. Koplo aliyekaa miaka 8 kwenye matope anamwangalia huyo mgeni anafikiri nini? Ni lazima wafanye, hakuna njia nyingine ya kumpata mtu huyo, lakini asikwambie mtu kwamba haina gharama ndani ya kambi.

Halafu kuna ile sehemu ya mila ambayo haistahili kutetewa. Wanawake waliruhusiwa kazi zote za mapigano mwaka 2018. Julai 2021 kamati ndogo ya bunge iliyoongozwa na Sarah Atherton, mbunge aliyewahi kuwa askari, ilitoa ripoti kwamba asilimia 58 ya wanawake waliokuwa kazini waliotoa maoni, na asilimia 64 ya waliostaafu, walisema walikutana na uonevu, unyanyasaji au ubaguzi. Walilalamikia hadi fulana za kuzuia risasi na mabegi yaliyotengenezwa kwa mwili wa mwanamume. Na malalamiko yako unayapeleka kwa nani? Kwa mkubwa wako, ambaye pengine ndiye huyo huyo, au ni rafiki yake wa bwaloni. Hiyo inaitwa kulinda jina la rejimenti. Mwaka 2025 bunge likapitisha sheria ya kuwa na kamishna huru ambaye askari na familia zao wanaweza kumwendea moja kwa moja, na kwa maoni yangu hilo litabakisha watu wengi kuliko ndevu zote za Scotland.

Uingereza si ya kwanza kujaribu nywele. Ujerumani Magharibi mwaka 1971, waziri Helmut Schmidt aliruhusu askari wafuge nywele ndefu mradi wavae nyavu za nywele, jeshi likanunua nyavu 740,000, dunia nzima ikacheka, na mwaka uliofuata amri ikafutwa. Marekani nao 2022 walikosa askari 15,000 kati ya 60,000 waliowataka kwa jeshi la nchi kavu. Dawa yao kubwa ilikuwa kozi ya matayarisho pale Fort Jackson, kijana mnene au aliyeshindwa mtihani kidogo anapewa mpaka siku 90 afundishwe na afanyishwe mazoezi afikie kiwango kilekile, bila kukishusha. 2024 wakafikisha lengo, 2025 wakalifikisha miezi kadhaa kabla ya muda. Halafu Septemba 2025 waziri wao Pete Hegseth akawaita mamia ya majenerali kambi ya Quantico akawaambia ndevu basi! Kwa hiyo nchi moja imeruhusu ndevu na bado inatafuta watu, nyingine imewapata kwanza ndipo ikakaza wembe.

Ukitaka ushahidi mwingine kwamba mila peke yake haiamui, tazama nyumbani. Kenya na Tanganyika zilirithi jeshi moja, King's African Rifles, Keya ya mababu zetu iliyoundwa 1902. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mshahara na maafisa Waafrika, moto ukafika Jinja kule Uganda na Lanet kule Kenya. Nyerere akalivunja jeshi zima, na Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaanza upya na vijana wa TANU, bila rejimenti za kurithi wala beji za Mwingereza. Kenya ikaendelea na Kenya Rifles zenye namba za Keya, na mpaka leo siku ya Jamhuri 12 Desemba bendera ya kikosi inatembezwa kwenye gwaride kama London. Njia mbili tofauti kabisa, na pande zote mbili siku ya kuandikisha viwanja vinajaa, wazazi wanatapeliwa pesa na watu wanaodai wanauza nafasi. Kinachojaza uwanja ni uhaba wa ajira zenye mshahara wa uhakika.

Na baadhi ya vijana hao wanatazama mbali zaidi. Novemba 2018 Uingereza iliondoa sharti la kuishi nchini humo miaka 5 kabla ya kujiunga, ikafungua nafasi mpaka 1,350 kwa mwaka kwa watu wa Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, Fiji, Ghana na wengine. Jeshi lao linajulikana vizuri Nanyuki, kwenye kambi yao ya mafunzo, kwa mazuri na kwa mabaya. Wanaojiunga wanaapa kwa mfalme yuleyule na kuvaa beji ileile. Ila walipomaliza mkataba walikuta kuomba ukazi wa kudumu ni zaidi ya pauni 2,000 kwa kila kichwa, na wengine wakaingia madeni kwa ajili ya kubaki kwenye nchi waliyokuwa wanailinda. Tangu Aprili 2022 ada hiyo imefutwa kwa askari aliyetumikia miaka 6 au zaidi, au aliyeumia kazini. Msamaha huo ulimhusu askari mwenyewe tu. Mke na watoto waliendelea kulipiwa kila mmoja wake, ada ambayo Aprili 2025 ilifika pauni 3,029, kwa hiyo koplo mwenye mke na watoto watatu alihitaji zaidi ya pauni 12,000 wakati huohuo alipotakiwa kuamua kama asaini miaka mingine.